Milioni 3 tangu 2006! Hii bima ya matatu inamlinda nani?

Wadau, nina hasira na leo nitazitoa zote hapa.

Mdogo wangu alikuwa abiria kwenye matatu iliyopinduka barabara kuu ya Mombasa, karibu na Salama, mwaka 2019. Uti wa mgongo ulivunjika. Alikuwa fundi wa kuchomelea, miaka 27, mke na mtoto mmoja. Tangu siku ile hajasimama.

Tukashtaki. Miaka minne ya kuahirishiwa kesi, nauli ya kwenda na kurudi. Mwishowe hakimu akaamua alipwe milioni 7.4, kwa maumivu, kipato alichopoteza na mtu wa kumhudumia maisha yake yote. Nikampigia mama nikamwambia, "Mama, yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Kampuni ya bima ililipa milioni 3 ikafunga faili. Na sheria inawaruhusu! Sura ya 405, sheria ya Kenya ya bima ya magari, inasema hawalazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Zinazobaki, mdai mwenye gari. Mwenye gari mwenyewe ni mzee mstaafu, alinunua matatu kwa mkopo, na siku ya ajali ikawa chuma chakavu. Dalali wa mahakama alipofika kwake kukamata mali alikuta makochi na televisheni. Hata kumchukia nimeshindwa.

Kikomo hicho kiliwekwa 2006, dola ikiwa kama shilingi 70 na kitu. Leo ni karibu 130, na mipira ya mkojo, kigari na godoro la kuzuia vidonda vyote vinatoka nje. Nauli imepanda mara ngapi tangu wakati huo? Mafuta je? Mgongo wa abiria umebaki milioni 3 ile ile!

Na msidhani milioni 3 zilifika nyumbani. Deni la hospitali lilimeza milioni 1.9. Wakili akachukua chake, tukawarudishia waliotukopesha tukingoja hukumu. Kilichobaki hakikumaliza mwaka.

Abiria anapanda gari steji, anaona lina bima, anakaa ametulia. Hakuna anayemwambia kwamba akivunjika vibaya, bima itaishia njiani na yeye aanze kumwandama mtu asiye na kitu. Watu wa bima watasema kikomo kikipanda, ada nazo zitapanda na abiria ndiye atakayelipa. Sasa hivi nani analipa? Mama yangu, miaka 64, ndiye anayemgeuza kijana wake kitandani kila saa mbili, usiku kucha. Wabunge wanaweza kubadilisha tarakimu moja tu kwenye kifungu cha 5 cha sheria hiyo. Wangefanya hivyo miaka kumi iliyopita!

Wiki hii tumeuza ng'ombe wa pili. Kidonda cha kiunoni kimefunguka tena. Kama kuna wakili humu, nisaidie: hizo milioni 4.4, sacco, yaani ushirika wa matatu ambao gari hiyo ilikuwa chini yake, inaweza kushtakiwa sasa, au muda umeshatupita?