Mrejesho: kamera ya bei poa ya kurekodi panya wa porini usiku
Wakuu, niliuliza kamera gani ya bei nafuu itarekodi panya wakitoka shimoni usiku, nimerudi. Nilichukua Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bodi moja) na ile kamera yake ya NoIR isiyo na kichujio cha kuzuia infraredi, yaani mwanga ambao macho yetu hayauoni, taa nikaweka za infraredi zenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 maana za 850 zinatoa kawekundu fulani ukizitazama, na aisee panya anatoka bila wasiwasi, anasimama mlangoni sharubu zinacheza, ananawa uso kwanza ndo anaondoka! Fokasi iseti hukohuko gizani chini ya infraredi, ukiiseti mchana inahama. Pawabenki nazo mziangalie, nyingine zinajizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo. Aliyenishauri niweke silika jeli (zile punje za kunyonya unyevu) ndani ya boksi la kamera, asante sana, lenzi haikupata ukungu kabisa.