Matarajio ya nyumbani yananilemea: nianzie wapi kuyapunguza?

Mwalimu wa Jinja:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto saba, mzaliwa wa Sironko, na ninafundisha Kiswahili na historia katika shule ya sekondari hapa Jinja, Uganda. Mwaka 2022, serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, habari za redio zilifika kijijini kabla yangu. Watu walisikia neno "walimu" na kiasi hicho, basi. Kwamba sisi wa masomo ya sanaa tulibaki tulipokuwa, hata tukagoma mwezi Juni mwaka huo, hilo halikumfikia mtu. Nami, kwa aibu, sikuwasahihisha.

Tangu hapo mambo yamepandana. Mwaka 2024 nilikopa milioni 3 kwenye sako ya walimu, yaani chama chetu cha kuweka na kukopa, ili mdogo wangu atahiriwe kwa imbalu, sherehe yetu ya tohara, yenye fahali na malwa, pombe yetu ya kienyeji, ya kutosha, na mkopo huo bado unakatwa kwenye mshahara wangu. Sasa imbalu ya 2026 inakaribia, na baba mdogo amekwisha kunitajia mwanawe. Ninalo pia daftari ambamo niliandika, nikiwa chuoni, kwamba nitakapofikisha miaka 35 niwe nimewajengea wazazi nyumba ya matofali. Nina miaka 36, na kilichopo ni rundo la matofali tu. Usiku ninalala nikihesabu. Sisi Wamasaaba hutahiriwa mbele ya umati, na mimi mwaka 2006 nilisimama bila kutikisa ukope; nadhani tangu siku hiyo sijajua namna ya kusema mbele ya watu kwamba ninaumia. Mtu huanzia wapi kupunguza mzigo kama huu bila kuonekana amewatupa watu wake?

Mama wa Kikuubo:

Pole, Mwalimu. Mimi ninauza vyombo vya plastiki kwa jumla pale Kikuubo, mtaa wa maduka jijini Kampala, kwa hiyo utanisamehe nikianza na hesabu. Chukua daftari lako, na mbele ya kila jambo uandike jina la aliyekuomba na siku aliyokuomba. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba kati ya mambo tisa niliyokuwa nikiyahangaikia, manne hayakuwa na mwombaji yeyote: gomesi mpya, lile vazi la wanawake la sherehe, kwa kila kwanjula (utambulisho wa mchumba kwa wazazi) ninayoalikwa, kwa mfano. Nilikuwa nikiogopa macho ya wanawake wenzangu, ambao pengine walikuwa wakihofia macho yangu. Yasiyo na jina niliyafuta siku hiyohiyo.

Yenye majina ndiyo kazi. Kila Desemba nilikuwa nikienda Masaka kwa wakwe na mizigo, wakati nauli za mabasi zimepanda, kisha nikikopa ada ya muhula wa kwanza. Mwaka mmoja niliwaambia mapema, mwezi wa Septemba, kwamba nitakuja baada ya shule kufunguliwa, tena na sukari na sabuni tu. Sitakudanganya kwamba walifurahi: mama mkwe alininunia hadi Pasaka. Lakini mtu hujikuna ajipatapo, na mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza. Usingoje siku ya sherehe ndipo useme huna.

Mzee wa Nkokonjeru:

Mulembe, mwanangu. Ninakubaliana na mama hapo juu kwa nusu. Kufuta jambo kwa sababu halina mwombaji ni rahisi kwa gomesi, si kwa wazazi. Wapo wazee ambao hawataomba kamwe, na kunyamaza kwao hakuonyeshi kwamba hawana haja. Nenda ukaulize. Wala usisahau kwamba ada yako ililipwa kwa jasho la mtu. Deni la namna hiyo lipo, ingawa sidhani kwamba ni lazima lilipwe kwa matofali.

Nimekwama kwenye maneno yako kuhusu mwaka 2006. Umeshika sehemu moja ya imbalu na kuiacha nyingine. Kijana husimama wakati kisu kinafanya kazi. Ngariba akimaliza, hufunikwa shuka na kukalishwa, kisha hulishwa na wengine, maana haruhusiwi kushika chakula kwa mikono yake mpaka atakapooshwa. Watu walewale waliokuwa wakimkodolea macho ndio wanaomlisha. Wewe ulikalishwa, mwanangu, kisha ukainuka bila kuambiwa na mtu, ukasimama tena miaka yote hii.

Kuhusu baba yako mdogo, mwambie uso kwa uso, mbele ya baba yako, kiasi unachoweza kutoa, na utaje mshahara wako kwa tarakimu. Hiyo milioni 4 uliiacha ikue vichwani mwa watu, na ni wewe wa kuing'oa.

Mwalimu wa Jinja:

Ahsanteni. Nilikwenda Sironko Jumamosi. Nilitaja mshahara wangu pamoja na kile kinachokatwa na sako, na baba alicheka kwanza, akidhani ninatania, kisha akanyamaza muda mrefu. Nyumba hakuitaka. Alichotaka, alisema, ni mtu wa kumsaidia kukata mashina ya mikahawa iliyozeeka, kazi ya siku tatu wakati wa likizo, ambayo alishindwa kuniomba kwa kuwa aliniona mtu mwenye shughuli kubwa. Baba mdogo nilimwahidi shilingi laki 2, zisizozidi. Aliondoka kabla ya chai kwisha, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Matofali nilitaka kuyauza ili nipunguze mkopo, lakini mama ametambaza maboga yake juu ya rundo zima, na ameniagiza nisiliguse mpaka avune.