Tumefunga mwamba miezi mitatu, pweza wamebebwa usiku wa kuamkia kufungua!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Mimi ni mtoto wa mchokoa pweza, kusini ya Unguja. Kijiji sikitaji, ugomvi bado wa moto na mama yangu anaishi palepale.

Kwa msiojua mambo ya pwani: pweza wa miambani hukua haraka mno na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai kwenye tundu lake bila kula, yakishaanguliwa anakufa. Kwa hiyo mkikubaliana kufunga, yaani kuacha kipande cha mwamba bila kuvua miezi miwili au mitatu, mkirudi mnakuta pweza wa kilo mbili pale mlipokuwa mnatoa wa robo kilo. Madagaska, kijiji cha Andavadoaka walianza hivyo mwaka 2004 na vijiji vingi vya pwani ile vikaiga. Rodrigues, kisiwa cha Morisi, wanafunga kisiwa kizima kwa msimu tangu 2012. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vinafanya pia. Asije mtu hapa kuniambia kufunga mwamba ni upuuzi, maana kunafaa na nimekuona kwa macho yangu.

Ila nani anayeubeba mzigo wa kufunga? Mwanamme mwenye ngalawa akifungiwa mwamba huu anatweka tanga anakwenda mwengine. Mwanamke hana chombo. Anakwenda kwa miguu, tena siku za bamvua tu, maji yakipwa sana, siku chache katika kila nusu mwezi. Ukimfungia mwamba wa karibu umemfungia riziki yake yote ya baharini. Angeshika mwani, lakini mwani wenyewe miaka hii maji ya moto yanauozesha, hasa ule mnene wenye bei nzuri. Mama yangu miezi mitatu kakopa unga dukani, na hakuukanyaga mwamba hata mara moja. Wenzake pia. Walisema "tusubiri" na wakasubiri kweli.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Usiku wa kuamkia siku ya kufungua, mnamo saa nne, maji yamekupwa kabisa, tukaona tochi mwambani. Si moja wala mbili. Jirani yetu alihesabu kumi na moja kabla hajaacha kuhesabu. Tukampigia mtu wa kamati inayosimamia kufunga mwamba, akajibu boti ya doria haina mafuta. Wa pili hakupokea. Miezi mitatu doria ilikuwa inatoka, ule usiku mmoja ambao kila mtoto wa kijijini anajua ndio wa hatari, mafuta hakuna! Nani aliyapanga haya? Na wale wenye tochi waliijuaje mipaka yetu, na kwamba hakuna atakayetoka?

Asubuhi tumekuta matumbawe yamevunjwa kwa mitaimbo. Mtu mwenye adabu ya bahari humchokoa pweza tunduni kwa chuma chembamba na tundu linabaki, pweza mwengine atakuja kukaa. Hawa wamebomoa nyumba. Tumbawe lile litahitaji miaka kurudi, na lisiporudi samaki wadogo watajificha wapi?

Kisha ikaja sherehe. Maji yalikuwa yanakupwa mnamo saa nne na nusu asubuhi, kila mtu anajua, bahari haina siri katika hilo. Wanawake wako ufukweni tangu saa tatu, ndoo mkononi. Wakaambiwa hakuna kuingia mpaka mgeni rasmi afungue. Mgeni kafika saa tano na nusu. Zikaanza hotuba: uchumi wa buluu, makubaliano ya dunia ya 2022 ya kuhifadhi asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030. Maneno mazuri, nayaunga mkono. Lakini wakati yanasemwa maji yalikuwa yanarudi, na wanawake waliolipia ule uhifadhi kwa njaa wamesimama wanayatazama. Waliporuhusiwa maji yako magotini. Mama alitoka na pweza mmoja. Mmoja, wakuu, kwa miezi mitatu.

Jioni ile dikoni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, walionekana pweza wamejaa matenga, na wengi hawafiki nusu kilo, kipimo tulichokubaliana wenyewe kijijini. Wanunuzi wakapima, wakalipa, wakapakia kwenye gari la barafu. Hakuna aliyeuliza wametoka mwamba gani. Kama mnunuzi anapokea kila kitu, mwizi ataacha kwa sababu gani?

Nataka kamati isome hesabu ya mafuta mbele ya watu, lita kwa lita, tarehe kwa tarehe. Nataka siku ya kufungua ipangwe kwa maji, sherehe ifanywe jioni au isifanywe. Wanawake wa miguu waingie kwanza, wenye miwani ya kuzamia na boti wafuate siku ya pili. Na wiki ile ya mwisho doria ilale baharini, hata kama nyingine zote itakosa nguvu.

Mkutano wa kufunga awamu ya pili umeitishwa wiki ijayo. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiwashawishi wenzake mara ya kwanza, kasema haendi. Nimejaribu kumbembeleza, kaniuliza amlindie nani tena. Sikuwa na jibu.

Mlioko Pemba, Mafia, Kilwa au popote mnapofunga mwamba: siku ya kufungua kwenu nani anaingia kwanza, na usiku wa kabla yake nani analinda, kwa mafuta ya nani? Niandikieni hapa, nataka niende na majibu mkutanoni.