Wastaafu wa jeshi mliokuwa madereva na mafundi, mazoea gani ya magari bado mnayo uraiani?

DerevaMstaafu
Wakuu habari za humu ndani. Nimeshavua kombati na sasa naendesha gari yangu ndogo ya petroli, na kuna jambo nataka tuliongee hasa sisi tuliopita kitengo cha usafirishaji. Kule kazini gari haiwashwi hivi hivi, kwanza kuna ile fasti paredi ya asubuhi, unazunguka gari lote, unachungulia chini kama kuna kitu kimedondoka usiku, unachomoa stiki ya oili, maji ya rejeta, betri, nati za magurudumu, taa, honi, halafu ndo unasaini kitabu na kupewa ruhusa ya kutoka. Mkisimama njiani unazunguka tena. Jioni unajaza tanki, unaandika kasoro zote, ndo unaenda kuoga.

Mimi mpaka leo nafanya hivyo hivyo na watu wa nyumbani wanasubiri wamekaa ndani ya gari wamenuna. Sasa nauliza, kwa magari ya siku hizi yenye kompyuta na taa za kila aina kwenye dashibodi, yapi katika yale bado yana kazi na yapi ni ya kuachia kambini? Maana mengi tuliyapokea kama amri, sajenti kasema fanya basi unafanya, sababu hakuna aliyekueleza. Mkijibu mseme na mlijifunzia wapi, nataka kusikia habari za kazi pia.

FundiKarakana
Afande umegusa penyewe. Mimi miaka yangu yote ilikuwa karakana, kuanzia Land Rover mpaka malori ya kuvuta mizinga, nimeona magari mengi sana yanayokuja yamevutwa na kamba na karibu yote yalianza na kitu kidogo ambacho macho yangekiona asubuhi.

Kuhusu taa za dashibodi watu wengi wanaelewa vibaya. Ile taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili kwa kawaida inasoma presha, haisomi oili imebaki kiasi gani. Ikiwaka huku injini inazunguka maana yake presha imeshaanguka na vyuma vinaweza kuwa tayari vinasagana, zima hapo hapo usiseme nifike kwanza. Sasa stiki ndo inakwambia mapema kwamba oili inapungua. Gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke, futa stiki, rudisha, chomoa tena usome. Na geji ya joto nayo ina udhaifu wake, maji yakimwagika yote sensa inaweza kubaki kwenye hewa tupu ikasoma uongo wakati kichwa cha injini kinapinda. Kwahiyo kuangalia maji kwa macho bado ni muhimu, ila injini ikiwa baridi, rejeta ya moto ina presha na ukifungua kifuniko maji yanakurukia usoni.

Kitu kingine ambacho jeshini tulikifanya sana na raia hawakijui kabisa. Gari likivuka mto tulikuwa tunafungua plagi ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) kuangalia oili. Difu ikiwa ya moto halafu ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili au kile kibomba cha kupumulia. Oili ikigeuka rangi ya maziwa ujue maji yameingia, mwaga, weka mpya. Aliyepita kwenye mafuriko na gari yake afanye hivyo hivyo, asisubiri difu ianze kulia.

La kuachia kambini ni lile la kuwasha injini na kuiacha inaunguruma muda mrefu ipate joto. Malori ya zamani yenye breki za upepo ilikuwa lazima maana matenki ya upepo yanatakiwa yajae kwanza ndo gari litoke. Gari ya petroli ya sasa haihitaji, subiri kidogo kisha ondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, itapata joto ikiwa njiani.

MsafaraWaUsiku
Naunga mkono afande Fundi ila mimi naongezea upande wa magurudumu maana huko ndo nilikokulia. Nilikuwa dereva wa lori kwenye misafara ya kulinda amani, vumbi kiasi kwamba gari la mbele huoni unaona taa tu, unapewa umbali wa kukaa na unaushika masaa na masaa, na mtu akiharibikiwa msafara wote unasimama sehemu ambayo hakuna anayetaka kusimama. Ndo maana tulikuwa wakali kwenye ukaguzi. Ukituharibikia ni watu wote uliowaweka hatarini.

Kila tukisimama unapita na mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu, katikati pale kwenye habu, unalinganisha joto. Moja likiwa na joto kuliko wenzake basi breki imeng'ang'ania au beringi inakufa. Hii nafanya mpaka leo kwenye safari ndefu na haichukui hata dakika. Usishike chuma chenyewe, breki ikiwa imeng'ang'ania utaungua, sogeza mkono tu utasikia.

Nati nazo, ukishafunga gurudumu kaza tena baada ya kilomita 50 mpaka 100 hivi maana zinakaa vizuri zikishazunguka. Kwenye malori mnaziona zile pembe ndogo za plastiki za njano juu ya nati, sio urembo, zimepangwa zielekeane ili nati ikilegea uione kwa jicho tu bila spana.

Na matairi jamani, upepo upimwe tairi likiwa baridi. Upepo mdogo unafanya tairi lijikunje, linapata joto, linapasuka. Angalieni pia namba 4 za mwisho kwenye ile kodi, yaani mstari wa herufi na namba unaoanza na DOT ubavuni, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (yale meno ya juu) nzuri kabisa na mpira umeshazeeka.

Kozi ya udereva mwalimu wetu alipenda kutupa mfano wa Red Ball Express, msafara wa malori ya Marekani kule Ufaransa kuanzia Agosti mpaka Novemba 1944, madereva wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Waliendesha usiku na mchana mafuta na risasi zifike mbele, na kazi waliifanya, ila malori yalizidishiwa mizigo, muda wa sevisi haukuwepo, yakachakaa vibaya sana na matairi yakaisha. Mwalimu alikuwa anasema hata vitani gari linakudai muda wake, usipolipa leo utalipa njiani.

MamaAmbulansi
Wanangu na wadogo zangu hamjambo. Mimi nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa la jeshi, na enzi zile mwanamke kushika spana watu walisimama kuangalia. Niliwakumbusha kwamba Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuwa bado binti mfalme mwaka 1945 alivaa sare akafunzwa udereva na ufundi wa magari, basi na mimi niacheni nifanye kazi yangu.

Kwetu tanki haikushuka chini ya nusu hata siku moja, na gari liliegeshwa uso umeelekea nje. Nilidhani hilo la tanki ni la dharura tu, kumbe magari mengi ya petroli ya sasa pampu ya mafuta iko ndani ya tanki na inapozwa na mafuta yenyewe, ukizoea kutembea na taa ya mafuta imewaka unaichosha. Kwahiyo hilo libaki.

Lakini ninalolisisitiza kuliko yote ni daftari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanyika. Oili ya breki inavuta unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limepaki, kiwango chake cha kuchemka kinashuka, ndo unashuka mlima mrefu unakanyaga pedali inazama. Magari mengi yanataka ibadilishwe kila miaka 2 hivi na hakuna anayekumbuka kama hajaandika. Kule ukiandika kasoro kwenye kitabu ulikuwa umejilinda wewe na umemlinda anayelichukua gari kesho. Mgonjwa hawezi kusubiri dereva akumbuke.

KijanaWaKota
Shikamooni wazee wangu. Mimi sijapita jeshini ila mzee wangu alipita, nimekulia kota. Ndo nimenunua gari ya kwanza. Kama asubuhi nina dakika mbili tu kabla ya kazi, niangalie nini?

FundiKarakana
Marahaba kijana. Zunguka gari, tazama matairi yote manne kama kuna lililolala, halafu inama uangalie chini lilipolala gari. Tone jeusi ni oili, tone jekundu mara nyingi ni la giaboksi ya otomatiki au stelingi, la kijani au pinki lenye harufu ya utamu ni kulanti, yaani maji ya rejeta. Maji safi upande wa kiyoyozi (AC) hayo ni ya kawaida. Stiki na maji ya rejeta fanya Jumamosi ukiwa na muda, na kama unaenda safari fanya usiku wa kuamkia safari, sio asubuhi watu wameshapanda.

DerevaMstaafu
Nimesoma yote, asanteni sana. Mama shikamoo, daftari nanunua leo. Afande Fundi hilo la kuacha injini inaunguruma muda mrefu naliacha. Msafara, hizo kodi za matairi nimetoka nje kuziangalia sasa hivi, matatu yako sawa, la spea limezeeka kuliko yote na ndo nilikuwa nalitegemea, wiki hii linabadilishwa.