Naomba ushauri, digrii ya ufundi wa meno bandia

Habari zenu wadau, mimi nina diploma ya teknolojia ya meno ya KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba Kenya), niko maabara natengeneza meno bandia ya akriliki (aina ya plastiki) na krauni (kofia za kufunika jino), na hii kazi naipenda sana jamani. Sasa natamani digrii, nimeona chuo kikuu cha Cardiff Metropolitan kule Wales wanafundisha, shida ada ya wanafunzi wa kutoka nje iko juu na nyumbani wananitegemea. Halafu siku hizi krauni za zirkonia (kauri ngumu) zinachorwa kwa kompyuta na kuchongwa na mashine, nawaza ama nijifunze hiyo kwanza? Mliopitia huko, diploma yetu inaweza kukuingiza mwaka wa pili? Na kujisajili na GDC, baraza la wataalamu wa meno la Uingereza, kunasumbua? Naombeni mniambie ukweli tu.