Saraka ikidai jina la ukoo, sisi tusokuwa nalo tujazwe nini?

Wa Mkomani, Lamu: Assalaam alaykum jamaa wa Lamu na Malindi. Ofisi moja huku, siitaji, iliamua kuingiza wafanyakazi wote kwenye saraka ya seva, ile orodha ya watumiaji inayotumia utaratibu wa LDAP, yaani ukishaingizwa mara moja basi paswadi ni moja kwa barua pepe, waifai na kompyuta zote. Jambo zuri hilo. Lakini alieandika programu akakuta kila akiita fanksheni ya ldap_add, ile ya kumwongeza mtu, seva inamrudishia kosa namba 65, maana klasi ya "person", yaani aina ya fomu ya mtu kwenye saraka, inalazimisha vitu viwili, cn ambalo ni jina lako na sn ambalo ni jina la ukoo, kimoja kikikosekana mtu haingii kabisa hata kama mengine yote yako sawa. Akafanyaje? Akakata neno la mwisho la jina la kila mtu akalitia kwenye sn! Sasa mie barua zote za kazi naitwa kwa jina la babu yangu, alofariki kabla sijazaliwa. Wenye nisba kama kina Mazrui wamesalimika, sisi wa jina, la baba, la babu tumebadilishwa majina bila kuulizwa. Naona si haki, jina zima litiwe kwenye sn kama lilivyo kwenye kitambulisho, seva inakubali. Nyie mwasemaje?

Wa Barani, Malindi: Hapa kwetu ni zaidi ndugu yangu. Mgiriama Karisa Charo anamzaa Katana Karisa, Katana anamzaa Charo Katana, sasa ukoo uko wapi hapo, baba na mwanawe hawafanani sn. Halafu kuna lingine kubwa kuliko hilo, mahali nilipofanya kazi anwani ya mtu kwenye saraka ilitengenezwa kwa jina lake, akija Kazungu Karisa wa pili (na Malindi hii wako wangapi?) seva inasema 68, huyu yupo tayari. Fanksheni imefanya kazi yake vizuri, imekataa. Lakini programu iliandikwa ikiona 68 imfute wa kwanza imwandike upya, mzee wa watu asubuhi akakuta akaunti yake ni ya kijana mwingine. Anwani iwe uid, namba ya kazi, jina libaki jina tu.

Wa Langoni, Lamu: Hapo kwa uid nawaunga mkono, kwa sn hapana. Hii LDAP ni utaratibu wa dunia nzima, umeanza 1993 pale Chuo Kikuu cha Michigan kwa kina Tim Howes, na faida yake ni kwamba programu yoyote ikiuliza saraka yoyote inajua sn ni nini. Ukitia jina zima mule, anayetafuta kwa ukoo atapata uchafu. Kama hamtaki sn tumieni klasi ya "account", hiyo inadai uid peke yake.

Wa Mkomani, Lamu: Ahsante, lakini "account" haina nafasi ya barua pepe wala simu, sasa saraka ya ofisi bila simu ni ya kazi gani? Na hiyo lazima ya sn si ya kila mahali, Active Directory, saraka ya Microsoft, inamwingiza mtu bila sn na dunia haijaanguka. Uchafu wa kutafuta naukubali, kweli upo, ila jina la babu yangu kuwa ukoo wangu nalo ni uchafu, tena wa uongo. Mie nataka kabla fanksheni haijaitwa mwenyewe aulizwe "kwenye barua tukuite nani?" na jibu litiwe kwenye displayName, nafasi ya jina la kuonyeshwa, ipo kwenye inetOrgPerson, klasi iliyopanua "person", tangu 2000 na barua zisome hapo, sio kwenye sn. Ni swali moja tu kwenye fomu. Watu wa Faza na Siyu, kwenu wamejaza nini?