Bushi zenu haziuawi na mashimo, zinauawa na fundi anayekaza gurudumu likining'inia

Banange, hii nimeiandika kwa hasira na sitaomba radhi. Kila wiki kilio ni kilekile: "Nimeweka bushi mpya mbele kwenye Toyota Premio, miezi mitatu zimekufa, barabara za Uganda ni mbaya." Ni mbaya, nani hajui? Lakini bushi nzima ya loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) haimalizwi na miezi mitatu ya murram. Inamalizwa siku ileile ya kufungwa, gari likiwa bado juu ya jeki.

Bushi si beringi. Haizunguki. Ni mpira ulioshikana na bomba mbili za chuma: la nje limebanwa ndani ya amu, la ndani linabanwa na bolti kwenye fremu ya chini. Amu ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Ukikaza bolti ile wakati gurudumu linaning'inia, umeufunga mpira katika mkao huo wa kuning'inia. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, hata likilala uani usiku kucha. Tuta au shimo linaongeza msokoto, na baada ya muda mfupi mpira unachanika kandokando ya bomba la ndani. Usukani unavuta upande, tairi linaliwa, nawe unarudishwa dukani kununua nyingine.

Na dawa yake ni bure! Ingiza bolti zote, zikaze kwa mkono tu. Rudisha gurudumu, shusha gari juu ya mbao nene ili upate nafasi ya kuingiza spana, bonyeza boneti mara tatu nne likae, HALAFU ndiyo ukaze. Mbao hakuna? Weka jeki chini ya amu karibu na boljointi (kiungo cha duara kati ya amu na gurudumu), inua mpaka gari lianze kuachana na stendi, ukaze hapohapo. Dakika kumi. Mafundi wangapi wanazitumia?

Halafu kuna kuzipiga bushi kwa nyundo. Ukigonga katikati unauachanisha mpira na chuma kabla gari halijatoka gereji. Bushi inasukumwa kwa presi, kwa kopo la chuma linalogusa ukingo wa nje peke yake. Ikigoma, maji ya sabuni. Oili ya injini na grisi zinaula mpira. Bushi ya nyuma ya amu mara nyingi ina matundu yenye upande wake, kwa hiyo weka alama kwenye amu kabla ya kuitoa ya zamani. Ikiingia imegeuka, hata ukikaza vizuri namna gani, ni kazi bure.

Boljointi: chomoa pini, legeza nati lakini iache ishike nyuzi chache, kisha gonga ubavu wa chuma inamochomekwa. Itaruka yenyewe. Ukigonga ncha ya nyuzi umeiua. Na boljointi iliyolegea haichomelewi, jamani. Ikichomoka njiani gurudumu linalala.

Shokapu sitaisema sana, ila hili: nati ya katikati juu ya maunti (kishikio cha juu cha shokapu) HAIGUSWI kabla springi haijakandamizwa kwa vibano viwili, kimoja kila upande, vikikazwa kwa zamu. Zinazofunguliwa kwanza ni zile tatu za pembeni, kwenye Toyota nyingi namba 14, ili shokapu itoke nzima na springi yake. Kufunga springi kwa kamba huku msaidizi ameikalia ni safari ya hospitali ya Mulago. Bolti mbili za chini ya shokapu, zichoree alama kwa msumari kabla ya kulegeza. Na shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Tena wengi mnauziwa shokapu bila sababu. Gari likigonga "ko-ko-ko" kwenye vijishimo vidogo, anza na linki za stebilaiza (vijifito vinavyoshika ufito wa kuzuia gari kulala kwenye kona). Ni rahisi, na zinafunguka kwa spana moja huku umeshika katikati kwa ufunguo wa alen. Inua gurudumu, litikise juu na chini: likicheza, ni boljointi au beringi. Kushoto na kulia: tairodi (fimbo ya usukani). Bushi unaipima kwa mtaimbo, unasukuma amu ukitazama mpira. Shokapu iliyolowa oili, hiyo kweli imekufa.

Ukienda kununua spea Kisekka au Ndeeba, Kampala, nenda na ya zamani mkononi, pima kipenyo na urefu, bonyeza mpira kwa kucha. Boksi zuri halithibitishi kitu.

Nati za magurudumu ya Toyota hizi ni Nm 103 kwa spana ya kupimia nguvu, si kuruka juu ya spana. Kisha alaimenti (kunyoosha magurudumu), siku hiyohiyo.

Mwenye picha ya fundi wake akikaza bolti za amu magurudumu yakiwa yamekanyaga chini aiweke hapa. Nasubiri.